Witu Haikutajwa

Mwisho wa Oktoba 2023 wakuu wawili wa Ulaya walikuja Afrika Mashariki katika wiki moja, na wote wawili walikuwa na vita vya kuzungumzia. Mfalme Charles III alitua Nairobi, na kwenye dhifa aliyoandaliwa Ikulu akasema kwamba ukatili waliotendewa Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru hauna udhuru. Alionyesha majuto makubwa, lakini msamaha hakuomba. Kesho yake, Novemba 1, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani akasimama Songea, kwenye makumbusho ya vita vya Maji Maji, katika mji ambao Chifu Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906. Yeye akaomba msamaha bila kuzunguka.

Huku Lamu tulizifuata ziara zote mbili kwa simu na redio, nasi tulikuwa na sababu yetu ya kutega masikio. Katika pwani yote ya Kenya sijui mahali pengine ambapo Mwingereza na Mjerumani wana doa la pamoja kama Witu, mji mdogo ulio bara, njia ya kwenda Garsen. Mmoja aliuza, mwenzake akachoma. Wiki ile ikaisha, mmoja akarudi Berlin na mwingine London, na Witu haikutajwa.

Sisemi walitukosea adabu. Ninachosema ni kwamba serikali hazikumbuki vita kwa sababu vilitokea. Zinavikumbuka pale ambapo kuna anayedai, mwenye karatasi, na wakati ambao jibu lina faida kwa mjibuji. Witu haina hata kimoja katika hivyo vitatu, na sehemu kubwa ya lawama iko kwetu wenyewe.

Nieleze Witu kidogo, maana hata watoto wetu wa Lamu humaliza shule bila kuisikia. Ukoo wa Nabahani, uliotawala Pate, ulipobanwa na sultani wa Zanzibar, mmoja wao, Ahmed, aliyejulikana kama Simba, alihamia bara akajiwekea makao Witu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia kwake, na kila aliyekosana na Zanzibar alipata pa kulala. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, wakamfikia na mkataba, na Mei ya mwaka huo Berlin ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Simba alikuwa anatafuta mtu mkubwa wa kumkinga na Zanzibar, akadhani amempata. Mwaka 1888 Wajerumani wakafungua posta yao Lamu mjini.

Kisha, Julai 1, 1890, London na Berlin zikatia sahihi mapatano yao. Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu na madai yake mengine ya pwani ya huku, nayo ikapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita mbili za mraba. Fumo Bakari, aliyerithi kiti cha Simba, hakuulizwa. Mlinzi wake alikuwa ameshamuuza, na habari akazipata kama wanavyozipata watu wa kando.

Septemba mwaka huo Mjerumani aitwaye Andreas Küntzel, aliyekuja na wenzake kwa kazi ya mbao, akakorofishana na watu wa Witu; yeye na wengi wa wenzake wakauawa. Berlin ikadai haki itendeke. Uingereza, ambayo wino wa mkataba ulikuwa haujamkaukia mkononi, ndiyo iliyokwenda kuitenda. Mwishoni mwa Oktoba Admirali Fremantle akateremsha mabaharia na askari, wakapanda hadi Witu wakautia moto. Fumo Bakari akafariki miezi michache baadaye, akiwa mtu anayewindwa. Agosti 1893 wakarudi tena, safari hii wakipambana na Fumo Omari. Wanajeshi waliopigana walipewa medali zenye kibao kilichoandikwa jina la Witu na mwaka wake, na medali hizo hadi leo hutafutwa sana na wakusanyaji wa Uingereza. Kwa hiyo jina la Witu limechongwa kwenye chuma, tena chuma kizuri, ila si huku.

Ile nyumba ya posta bado ipo Usita wa Mui, njia kuu ya Lamu mjini, sasa ni makumbusho. Juzijuzi nilijibanza karibu na mlango wake kumpisha punda mwenye mifuko ya saruji, nikamsikia kijana mmoja anayetembeza wageni akiwaeleza Wajerumani wawili habari za posta: ilifunguliwa lini, ikafungwa lini, barua zilikuwa zikienda wapi. Wageni walifurahi, wakapiga picha, wakaondoka. Nikamwuliza mbona Witu hakuigusa.

"Ami, hawa wako likizo," akanijibu. "Nikiwaambia mji ulichomwa kwa ajili ya wenzao, bakshishi nitapewa na nani?"

Wizara yoyote ya mambo ya nje ingemwajiri. Anajua ni kumbukumbu gani ya kuuza, kwa nani, na ipi ya kuiacha kabatini.

Turudi kwa mfalme na rais. Wengi waliandika wiki ile kwamba Wajerumani wana utu kuliko Waingereza. Mimi naona tofauti haikuwa ya utu. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907, na wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa walifika hata 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Lakini hakuna aliyepigwa viboko na Wajerumani siku zile ambaye bado anaweza kusimama mahakamani. Waliopigwa kwenye kambi za Waingereza wakati wa Mau Mau wengine bado wako hai, na wana mawakili. Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliliambia Bunge kwamba serikali inajuta, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, na katika taarifa hiyo hiyo akasisitiza kwamba haikubali dhima ya kisheria. Kesi nyingine ya walalamishi zaidi ya 40,000 ikaanguka London mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa ni muda kupita. Sasa mfalme angekuja Nairobi aombe msamaha, kesho yake faili ngapi zingefunguliwa?

Katika ziara hiyo hiyo mfalme alikwenda pia makaburi ya wanajeshi Kariokor, akawakabidhi wazee waliopigania Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili medali mpya, badala ya zile ambazo wengine walizitupa enzi za Mau Mau wakihofia kuonekana vibaraka. Hebu tazama jinsi kumbukumbu mbili zilivyowekwa kwenye safari moja. Moja ni ya kujutia kwa maneno yaliyopimwa, nyingine ya kuenzi kwa picha za magazeti. Na jeshi la Uingereza bado linafanya mazoezi Laikipia kila mwaka kwa mapatano na Kenya. Kumbukumbu ya "tulipigana pamoja" ina kazi ya kufanya leo, ndiyo maana ikapewa medali.

Nisionekane nawasema Waingereza peke yao. Mchezo huu wanaucheza wote, na wenyewe kwa wenyewe Ulaya ndiko wanakoucheza kwa ustadi. Juni 6, 2014, kwenye sherehe za miaka 70 tangu majeshi ya washirika kuteremka Normandy, Vladimir Putin na Petro Poroshenko walikutanishwa na viongozi wa Ujerumani na Ufaransa, wakati Urusi ilikuwa imeshaichukua Crimea. Mazungumzo yaliyotokana na kikao hicho kifupi yalikwenda miaka mingi kwa jina la Normandy. Miaka kumi baadaye, kwenye sherehe za miaka 80, Urusi haikualikwa, na Volodymyr Zelensky akapokewa kwa makofi. Waliokufa ni walewale, na mchanga wa ufuoni haujabadilika. Kilichobadilika ni orodha ya viti. Moscow nayo ina ufuo wake, gwaride la Mei 9, na mwaka 2025 miongoni mwa wageni wa Putin walikuwamo Xi Jinping wa China na Ibrahim Traoré wa Burkina Faso. Kiongozi wa Sahel anayetafuta rafiki mpya wa silaha huketi kwenye kumbukumbu ya Berlin kuanguka 1945, na hakuna anayeshangaa.

Kusahau nako ni diplomasia, tena ya bei rahisi. Oktoba 1940 ndege za Italia ziliipiga Malindi mabomu. Nenda Malindi leo uulize. Utaonyeshwa hoteli za Waitaliano, mikahawa ya Waitaliano, wavulana wa ufuoni wanaozungumza Kiitaliano kushinda Kiingereza, na kule Ngomeni kituo ambacho Italia ilirushia roketi kuanzia miaka ya 1960 hadi 1988. Mabomu hakuna mwenye haja nayo. Waitaliano wana kumbukumbu yao Kenya, kanisa la Mathari kule Nyeri walikozikwa wanajeshi wao pamoja na kamanda wao, Duke wa Aosta, aliyefariki akiwa mateka mwaka 1942. Hiyo wanaitunza vizuri. Ile ya Malindi wameiacha ilale, nasi tumewasaidia kuilaza, kwa sababu msimu wa watalii haungoji. Siwalaumu watu wa Malindi. Hata hivyo ni vyema mtu ajue kwamba amesahau kwa malipo.

Baharini kuna mfano mzito zaidi. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa na askari wengi, wakiwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, wakielekea Ceylon. Februari 12 manowari ya Japani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldives, na watu 1,297 wakafa. Ni moja ya misiba mikubwa kabisa ya meli katika vita vile, na katika familia za pwani na bara kuna mababu walioondoka kwenye gati la Kilindini wasirudi. Japani leo ndiyo inayofadhili bandari mpya ya Dongo Kundu, upande wa pili wa maji yaleyale. Sijawahi kusikia waziri yeyote, wa kwao au wa kwetu, akiitaja meli ile kwenye hotuba ya uzinduzi. Pengine ni busara. Pengine pia ni kwamba hakuna aliyemkumbusha.

Wareno na Wachina nitawapitia haraka, kwa kuwa mambo yao yanajulikana. Fort Jesus ilikarabatiwa kuwa makumbusho kwa fedha za Gulbenkian Foundation ya Lisbon mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Ureno ilipokuwa inang'ang'ania makoloni yake na vita vya Angola vikiwa mlangoni, vikaanza 1961. Ngome nzuri, ukarabati mzuri, na kisa cha watawala wa visiwa vya huku kwetu waliokatwa vichwa na Wareno kikabaki cha wasomi. China yenyewe imeichagua kumbukumbu isiyo na vita. Mwaka 2005, kwenye maadhimisho ya miaka 600 tangu Admirali Zheng He aanze safari zake, binti mmoja wa kisiwa cha Pate, ambaye ukoo wake husimulia kwamba umetokana na mabaharia Wachina waliovunjikiwa na chombo, alialikwa China akapewa nafasi ya masomo. Ujumbe ulikuwa wazi: sisi tulikuja na kauri na hariri, wale wengine walikuja na mizinga. Hawasemi kwamba mwaka 1411 Zheng He huyo huyo alipigana Ceylon akamchukua mtawala wake mateka. Gati la kwanza la bandari ya Lamu, lililojengwa na kampuni ya China, likafunguliwa Mei 2021. Simaanishi kwamba gati limetokana na kauri. Ila hadithi nzuri hulainisha meza kabla watu hawajaketi.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya wizara kuwapo. Karibu mwaka 1812 Pate na Mazrui wa Mombasa waliungana wakaja kuipiga Lamu, wakateremka Shela. Walishindwa vibaya. Maji yalikuwa yamekupwa, majahazi yakabaki juu ya mchanga, na waliokimbia hawakuwa na pa kukimbilia. Ushindi ule uliwatisha Waamu kuliko ungewafurahisha, kwa kuwa walijua Mombasa haitasahau. Wakafanya jambo la kidiplomasia kabisa: wakaipeleka habari ya vita Muscat, kwa Seyyid Said, mtawala wa Oman, kabla mahasimu wao hawajajipanga, wakamwomba awe mlinzi. Seyyid akaleta liwali na askari, na ngome ile iliyo mbele ya Mkunguni ikakamilishwa. Mombasa haikurudi Shela. Lakini Lamu nayo haikuwa tena na amri yake mwenyewe, na liwali wa Oman akaketi hapa kwa vizazi. Simba wa Witu, miaka sabini baadaye, alifuata njia ileile na mlinzi mwingine, na mji wake ukapata mwisho mbaya zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniambia Afrika itumie kumbukumbu ya vita kama silaha kwenye mazungumzo na mataifa makubwa, namwuliza kwanza: unakwenda na nini mkononi, na ukishapewa, utalipa nini?

Senegal ndiyo iliyonipa jibu la kueleweka. Desemba 1, 1944, kambi ya Thiaroye nje ya Dakar, askari wa Kiafrika waliokuwa wamepigania Ufaransa na kutekwa na Wajerumani walirudi nyumbani wakadai malimbikizo ya mishahara yao. Jeshi la Ufaransa likawapiga risasi. Paris ilitoa idadi ya 35, baadaye ikakiri kwamba huenda walikuwa 70, na wanahistoria wakaendelea kusema ni mamia. Mwaka 2024, Julai, Ufaransa ikatangaza kwamba askari sita kati yao walikufa kwa ajili ya Ufaransa, kwa heshima zote. Waziri Mkuu Ousmane Sonko akaipinga mara moja: si Paris peke yake itakayoamua nani alikufa, wangapi, na kwa ajili ya nani. Serikali yake ikaunda kamati ya watafiti, ikaandaa kumbukumbu ya miaka 80 kwa ukubwa ambao haukuwahi kuonekana. Novemba 28, Rais Bassirou Diomaye Faye akasema amepokea barua ya Emmanuel Macron inayokiri kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki, na katika mahojiano ya siku hiyo hiyo akasema kambi za jeshi la Ufaransa hazina nafasi katika Senegal iliyo huru. Julai 2025 Wafaransa wakakabidhi kambi ya mwisho.

Wapo watakaosema kambi zingeondoka tu, Thiaroye au bila Thiaroye, maana Mali, Burkina Faso na Niger zilishawafukuza. Ni kweli kwa kiasi. Lakini tazama namna walivyoondoka Senegal: bila matusi, bila mapinduzi, bila bendera ya nchi nyingine kupeperushwa barabarani siku ya pili. Senegal ilikuwa na kisa chake, watafiti wake na makaburi yake, na haikuhitaji kuazima hasira ya mtu.

Namibia ilipata somo gumu zaidi. Mei 2021 Ujerumani ilikiri kwamba ilichowafanyia Waherero na Wanama kati ya 1904 na 1908 kilikuwa mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ikakwepa kuziita fidia. Vizazi vya waliouawa vikasema serikali ya Windhoek imekaa mezani bila wao. Kosa hilo hilo lilifanyika Asia, Desemba 2015, Japani na Korea Kusini zilipotangaza kwamba zimemaliza kabisa suala la wanawake waliofanywa watumwa wa ngono na jeshi la Japani. Mabibi waliokuwa hai wakauliza nani aliwatuma, na mapatano yale yakabomoka serikali ilipobadilika Seoul. Ila Namibia ilikuja kuitumia karata yake. Januari 2024, Ujerumani ilipotangaza kuitetea Israel katika kesi ya mauaji ya kimbari kule The Hague, Rais Hage Geingob, wiki chache kabla ya kufariki, akaiambia Berlin kwamba haijajifunza kutokana na historia yake yenyewe. Dunia nzima ilisikia, na balozi yeyote wa Ujerumani angepata taabu kumjibu.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambako kwangu ndiko kwenye kiini. Wazee wa Mau Mau walisimulia mateso yao kwa miaka hamsini, na London ikawasikiliza kama mwenye duka anayemsikiliza mteja asiye na jina kwenye daftari la madeni. Kilichobadilisha mambo ni mwaka 2011, serikali ya Uingereza ilipolazimika kukiri kwamba imeficha Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 yaliyohamishwa kutoka makoloni 37, ya Kenya yakiwamo. Mle ndani mlikuwa na maandishi ya maofisa wao wenyewe. Miaka miwili baadaye, pauni milioni 19.9. Sidai kwamba ushahidi wa mdomo hauna thamani, mimi nimelelewa nao. Lakini mezani pa mabalozi, mdomo husikilizwa baada ya karatasi kufunguliwa.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika Vita Vikuu vya Kwanza na majina yao hayakuandikwa popote. Hao ni wapagazi kwa sehemu kubwa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Ndiyo, hapo waliomba radhi, kwa sababu ile ile niliyoitaja: hakuna mpagazi wa 1917 aliye hai wa kupeleka kesi.

Na sisi je? Kenya huru ilikiweka chama cha Mau Mau kwenye orodha ya vyama haramu hadi 2003, miaka arobaini baada ya bendera kupandishwa. Hayo ni ya wakubwa wa Nairobi. Sisi wa Lamu tuna yetu. Vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya kati ya 1963 na 1967, viliwafukuza Wabajuni kutoka vijiji vyao vya bara vilivyoenea hadi karibu na mpaka wa Somalia. Nairobi na Mogadishu zikapatanishwa Arusha Oktoba 1967 chini ya Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, wakubaliane kusitisha uhasama na kurudisha uhusiano. Diplomasia ilifanya kazi yake, risasi zikapungua. Waliohama hawakuwa ajenda. Mwaka 1970 Bunge letu likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali na mashtaka kwa waliyoyafanya kaskazini mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River, na Lamu, kuanzia Desemba 25, 1963 hadi Desemba 1, 1967. Lamu imetajwa kwa jina. Ndiyo mara chache tumekumbukwa na Bunge.

Nilikaa barazani na mzee mmoja Mbajuni, mvuvi aliyeacha bahari kwa sababu ya macho, nikamwuliza kama familia yake ilikuwa na hati yoyote ya shamba walilolikimbia. Alinicheka.

"Mwanangu, tulitoka usiku. Mama alibeba sufuria na mtoto. Hiyo karatasi angeibeba kwa meno?"

Akaninyoshea kikombe cha kahawa, akaanza kunitajia majirani wa kijijini mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba kuanzia upande wa kisima, nani alikwenda Ndau, nani Malindi, nani alivuka kwenda Kismayu. Hakuna aliyekuwa anaandika, nami sikuwa na kalamu ya maana.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilizunguka nchi, ikaandika ripoti nene ikaikabidhi Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Kufika hapa Lamu, sijamwona aliyeupokea. Na tabia haijabadilika: askari wetu walipovamiwa El Adde, Somalia, Januari 2016, serikali haikutangaza idadi ya waliokufa. Taifa linaloficha hesabu ya wanajeshi wake wenyewe litakwenda London kudai hesabu ya wapagazi kwa uso gani?

Mei 2023 mawaziri wa Kenya na Somalia walitangaza kwamba mpaka utafunguliwa kwa awamu, Kiunga ikiwamo. Mashambulizi yakafuata na mpango ukaahirishwa. Siku utakapofunguliwa, mazungumzo yatakuwa juu ya ushuru, samaki na usalama. Ndipo Wabajuni wa pande zote mbili wangekuwa na la kusema kuhusu 1963, kama kungekuwa na orodha ya vijiji, majina ya familia na ramani, iliyokusanywa na watu wa hapa na kuwekwa pahali pa wazi. Kazi hiyo haihitaji balozi. Ngome ya Lamu ina vyumba, ina maktaba, na iko chini ya Makumbusho ya Taifa ambayo yana wataalamu wa kurekodi. Kaunti ina bajeti ya utamaduni ambayo kila mwaka tunaiona ikiishia kwenye mashindano ya punda na ngoma, na mimi sina ugomvi na ngoma. Witu nayo inahitaji mtu wa kwenda Berlin na London kwenye hifadhi za nyaraka akanakili barua za 1890, nani aliamuru nini, kwa sababu waliochoma waliandika ripoti, kama kawaida yao.

Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1964 sasa amepita sabini. Mzee wangu wa barazani ana zaidi.